Kasa, Pweza na Wakili: Uhakiki wa Theolojia ya Utunzaji kwa Kutazama Kisiwa Panza

Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza kilichoko kusini mwa Pemba, watoto 8 na mwanamke mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa hospitalini. Habari hiyo ilienea duniani kwa siku mbili tatu, kisha ikapita. Katika makala hii tunakusudia kuirudia kwa sababu tunaona kwamba kisiwa hicho kidogo ni kipimo kigumu kwa fundisho ambalo limekuwa la kawaida mno mimbarini na madarasani mwetu, yaani fundisho la kwamba mwanadamu ni wakili wa uumbaji, na kwamba akikumbushwa uwakili wake vema atauacha msitu usimame na mnyama aishi.

Huenda msomaji akauliza Walutheri wana jambo gani na Kisiwa Panza. Wenyeji wake ni Waislamu tangu vizazi vingi, ni wavuvi, wakulima wa mwani na wa muhogo, na bahari yenye mikoko imewazunguka pande zote. Lakini ndiyo sababu kisiwa hiki kinafaa. Pale ambapo Katekisimo yetu haikufika, tunaweza kuona kwa macho matulivu zaidi fundisho la dini hufanya nini katika kulinda makao ya viumbe, na nini haliwezi kufanya. Nyumbani kwetu tumezoea kujipongeza kabla ya kuhesabu.

Hoja ya White na majibu yetu

Asili ya mjadala huu yajulikana. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, bingwa wa historia ya ufundi wa Zama za Kati, alichapisha katika jarida la Science makala fupi juu ya mizizi ya kihistoria ya uharibifu wa mazingira. Alidai kwamba Ukristo wa Magharibi ndio uliomfundisha mtu kujiona yu juu ya viumbe vyote, na kwamba viumbe vyote viliumbwa kwa faida yake. Alieleza jinsi plau nzito iliyokokotwa na ng'ombe wengi ilivyomgeuza mkulima wa Ulaya ya kaskazini kuwa mtu wa kuishurutisha ardhi. Akaeleza tena jinsi Ukristo ulivyowafukuza pepo waliosadikiwa kulinda kila chemchemi na kila mti, hata mtu akaweza kukata bila hofu. Na maadamu ugonjwa, kwa maoni yake, una mzizi wa kidini, dawa nayo hapana budi iwe ya kidini. Alimpendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa watunza mazingira, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza hivyo.

Wanatheolojia hawakukawia kujibu. Walisema kwamba White alisoma sura ya kwanza ya Mwanzo akasahau ya pili. Kama sura ya kwanza ina vitenzi vikali vya Kiebrania, radah na kabash, yaani kutawala na kutiisha, sura ya pili inavyo abad na shamar, kutumika na kulinda. Kutokana na vitenzi hivyo viwili likajengwa fundisho zima la utunzaji. Baraza la Makanisa Ulimwenguni likalichukua, kuanzia Vancouver mwaka 1983 hadi Seoul mwaka 1990, likilifunga pamoja na haki na amani. Shirikisho letu la Kilutheri Ulimwenguni nalo, katika mkutano wake mkuu wa Windhoek mwaka 2017, likakiri kwamba uumbaji si kitu cha kuuzwa. Kwa insha za darasa la maadili tumekuta mtindo uliokwisha kuwa kama liturgia: White anashitaki, Mwanzo sura ya pili inajibu, mwanafunzi anahitimisha kwa kuwaalika washarika kupanda miti.

Hatuna ugomvi na Kiebrania chao. Tunachohoji ni jambo ambalo White na wote waliomjibu wanakubaliana juu yake pasipo kutambua: kwamba dunia huharibiwa na fundisho baya, na huponywa na fundisho jema. Wazo hili huwapendeza sana watu ambao kazi yao ni kufundisha.

Hebu tuitazame Pemba. Misitu ya asili iliyofunika kisiwa kile kikubwa iliondoka kwa njia gani? Walioiangusha hawakuwa wanafunzi wa Ukristo wa Magharibi. Katika karne ya 19, chini ya masultani wenye asili ya Oman, ardhi ilifyekwa ili ipandwe mikarafuu, na kazi ilifanywa kwa mikono ya watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu, na vilima vyake vikavaa zao moja. Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi, wenye hekta kama 1,440, ni kipande kikubwa kilichobaki cha vazi la zamani. Watu waliofanya haya walikuwa na kitabu kinachomwita mwanadamu khalifa katika nchi, neno ambalo halikai mbali na wakili wetu. Fundisho lilikuwapo. Lililoamua lilikuwa bei ya karafuu na uwezo wa mtu kummiliki mtu. White angeweza kujibu kwamba sehemu ya karafuu hizo iliishia katika meza za Ulaya na Marekani, na ni kweli. Lakini kwa kusema hivyo angekuwa amekwisha kutoka kanisani na kuingia sokoni, mahali ambapo hoja yake haikukusudia kwenda.

Pana mfano wa pili kutoka Pemba hiyo hiyo ambao husimuliwa mara nyingi katika semina za dini na mazingira, nao ni wa kisiwa cha Misali. Hapo mafundisho ya Kiislamu juu ya uumbaji yalipelekwa kwa wavuvi kwa msaada wa taasisi ya Uingereza iliyoongozwa na Fazlun Khalid, na husemwa kwamba wavuvi waliokuwa wameidharau serikali waliacha njia haribifu za uvuvi mara walipoisikia amri ya Mungu. Wahubiri huipenda habari hii, nasi twaona ni kwa nini. Lakini husimuliwa bila mwanzo wake. Kabla ya semina yoyote, wavuvi wa Misali walikuwa wamekwisha kupinga mpango wa kukikabidhi kisiwa chao kwa mwekezaji wa utalii. Kisiwa kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, kukawa na kamati ambamo wavuvi wenyewe waliketi, kukawa na sehemu iliyofungwa na sehemu iliyoachwa wazi kwa uvuvi, kukawa na walinzi. Tena walikuwa na masimulizi yao ya kale, kwamba mtu wa Mungu, Khidri, alifika hapo akawaambia wavuvi waliokosa msala kwamba kisiwa chenyewe ni mfano wa msala ulioelekea Makka. Neno lilipokuja lilikuta mpaka, kamati na jina. Aliyehubiri hakuanza na ardhi tupu, na si haki kumpa peke yake mavuno.

Makatazo mawili katika kisiwa kimoja

Sasa turudi Kisiwa Panza. Hapo tunayo makatazo mawili juu ya viumbe wa bahari, na yanafaa kuwekwa kando kwa kando.

La kwanza ni la kasa. Sheria imekataza kumvua na kumla kwa miaka mingi, nayo inatoka mbali: imeandikwa mjini, ikikubaliana na mikataba ya mataifa. Sababu yake ni ya kweli. Kasa huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Mayai yake huwekwa mchangani ambako mtu, mbwa na maji ya bahari vyote humtangulia mtoto wake. Na akiisha kupungua hapandishwi tena kwa majira moja. Zaidi ya hayo, nyama yake mara nyingine hubeba sumu ambayo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupikwa, haina dawa ya kuipinga, na huweza kupita katika maziwa ya mama hata kwa mtoto anyonyaye. Jambo hili halikuwa geni mwaka 2024. Novemba 2021 watu 7 walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu iyo hiyo.

Na bado kasa aliliwa. Mwenye kutaka kuelewa asiharakishe kusema ni ujinga. Nyama ya kasa pwani ni kitoweo kinachopendwa, nacho huliwa mara nyingi bila madhara, hivi kwamba uzoefu wa mtu mwenyewe humshuhudia kinyume cha onyo alilopewa. Tena kasa mkubwa haliwi na nyumba moja. Ana nyama ya kugawa. Na watu wengi waliougua kwa pamoja waonyesha kwamba chungu hakikuwa cha mtu mmoja. Hili latupasa kulitafakari tuwapo wachungaji: mauti yaliingia kwa mlango wa ukarimu. Yeyote anayesema waliofiwa walivuna matunda ya kuvunja sheria aisome tena Luka sura ya 13, habari ya mnara wa Siloamu, ambapo Bwana anakataa katakata kuigeuza maiti kuwa kielelezo cha hukumu, kisha anawageukia wanaouliza.

Katazo la pili ni la pweza. Katika miaka ya 2010 wavuvi wa Kisiwa Panza, wakisaidiwa na shirika la Mwambao, walianza kufunga sehemu ya mwamba kwa muda wa miezi michache, ili pweza asiguswe hapo, kisha kuufungua kwa siku moja iliyotangazwa. Njia hii ilikuwa imejaribiwa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Siri yake iko katika maumbile ya pweza mwenyewe. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na zaidi kidogo, naye hukua kwa kasi ya ajabu; aliyeachwa miezi mitatu hurudi kwa uzito ambao mvuvi alikwisha kuusahau. Kamati ya shehia hujua mipaka ya mwamba, hujua nani kaingia usiku, na mwizi huhukumiwa mbele ya watu watakaokutana naye kesho msikitini na keshokutwa arusini.

Katazo lipi lilipata kusikilizwa zaidi? Jibu halihitaji takwimu. Wala tofauti haiko katika uchaji wa watu, maana watu ni wale wale. Mababa zetu wa Matengenezo wangeitambua tofauti hiyo upesi. Luther na Melanchthon walifundisha kwamba matumizi ya kwanza ya sheria ni ya kiraia: kuweka uzio ili jirani asiumizwe, na kazi hiyo Mungu huifanya hata kwa mikono ya wasiomwamini, kwa akili na kwa mapatano. Sheria ya pweza ni uzio wa namna hiyo. Ina mwanzo na mwisho, ina sura ya jirani, na siku ya kufunguliwa ni sikukuu. Sheria ya kasa, jinsi ilivyowafikia watu wa visiwani, ilikuwa na kazi moja tu, kushitaki. Haikuwa na siku ya kufunguliwa, wala kikao ambacho mwenyeji aliulizwa neno.

Hata hivyo hatutaki kuupamba mwamba wa pweza kupita kiasi. Katazo lake nalo lina anayelilipa. Pweza wa karibu na pwani ni riziki ya wanawake wanaoshuka kwa miguu maji yanapokauka wakati wa bamvua, na kijiti mkononi. Mwenye chombo na miwani ya kuzamia, mwamba mmoja ukifungwa, huenda mwingine. Mwanamke wa miguu hana pengine pa kwenda. Na mahali pengi pwani palipojaribiwa njia hii lalamiko limekuwa hilo hilo, kwamba siku ya kufungua hutokea wageni wenye vyombo wakavuna katika saa mbili kile ambacho wanawake wamekilinda kwa miezi mitatu. Katika makala za utunzaji mama huyu haonekani. Wakili wetu hana jinsia, hana njaa, wala hana jirani mwenye mashua.

Asiyelipa

Hapa twafika penye ugumu hasa. Pweza huhifadhika kwa sababu hulipa, tena hulipa upesi. Kasa halipi. Mtu wa Kisiwa Panza akimwacha kasa mdogo leo, mjukuu wake ndiye atakayemwona akitaga, na pengine atatagia nchi nyingine kabisa. Kama mapatano ya wenyeji yangekuwa ndiyo jibu lote, basi tungelinda viumbe wenye faida ya miezi mitatu tu, na bahari iliyobaki ingekuwa shamba la pweza.

Cha kushangaza ni kwamba theolojia ya uwakili haitusaidii mahali hapa, ingawa ndipo ilipotakiwa. Neno lenyewe latuzuia. Wakili katika mifano ya Injili huitwa atoe hesabu ya mali. Mtumwa aliyefukia talanta bila kuipa faida ndiye aliyetupwa nje. Na katika Kanisa letu uwakili umekuwa jina la idara ya sadaka. Mshariki akilisikia hutafuta bahasha yake ya ahadi. Ukimwambia mtu huyu kwamba yeye ni wakili wa pori, ataliuliza pori swali ambalo bwana wa mfano aliwauliza watumwa wake. Linazalisha nini? Pori lisilozalisha litakuwa talanta iliyofukiwa, na wakili mwema ataligawa viwanja.

Lakini Maandiko yanayo sauti nyingine, nayo haisikiki sana katika insha tulizozitaja. Bwana anapomjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli hamwiti wakili. Anamwuliza habari za mvua inyeshayo nyikani pasipo mtu, habari za punda mwitu anayeicheka kelele ya mji, habari za mbuni ambaye hana akili lakini ana mbio. Hakuna hata mmoja katika orodha ile anayemfaa Ayubu kwa kazi au chakula. Ndiyo maana wametajwa. Zaburi ya 104 inamweka Leviathani baharini acheze, na meli za watu zinapita kando yake. Luther naye, katika Katekisimo Ndogo, anapoifafanua ibara ya kwanza ya imani, anaanza kwa kukiri kwamba ameumbwa pamoja na viumbe vyote. Anajihesabu miongoni mwao kabla ya kutaja nyumba, shamba na mifugo aliyopewa. Na alipofundisha Warumi sura ya 8 mwaka 1516 alishangaa kwamba Paulo haulizi kiumbe ni nini, kama wanafalsafa, bali kinangojea nini. Kiumbe kinachongojea kina shauri lake na Mungu ambalo mimi si mpatanishi wake.

Kutokana na hayo tungependa kuitetea nafasi ya mwiko, ingawa tunajua neno hili hupokewaje katika vyuo vya uchungaji. Popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana penginepo duniani, aliwindwa na kuliwa hata akakaribia kutoweka. Mwaka 1995 walikadiriwa kufika kama 5,000. Hesabu ya mwaka 2007 ilikaribia 20,000. Vikundi vya vijiji vilivyoundwa miaka ya 1990 vilifanya kazi kubwa. Lakini popo walikuwa bado wapo wa kuhifadhiwa kwa sababu makundi kadhaa yalikuwa yamejificha katika miti ya makaburi, kama pale Kidike, ambako watu hawakati wala hawapigi kelele kwa kuwaheshimu marehemu. Hakuna aliyewalinda popo. Walilindwa wafu, na popo wakapata kivuli chao.

White angesema hii ndiyo hofu ya pepo ambayo dini ya Mungu mmoja huifukuza. Amekosea: waliozikwa pale ni Waislamu, na kaburi lao lilifanya kazi ile ile. Kilichohitajika hakikuwa pepo. Kilihitajika kipande cha ardhi ambacho walio hai wamekubali si chao kukitumia. Sabato ilikuwa hivyo. Na katika Kutoka sura ya 23, mwaka wa saba, shamba linaachwa lisilimwe ili wale maskini wa watu, na watakachosaza wapate kula wanyama wa mwituni. Tunaomba msomaji alitulie andiko hili. Katika shamba moja, kwa amri moja, wamewekwa maskini na mnyama wa porini, na maskini ametangulia. Anayetakiwa kuondoka kwa mwaka mmoja ni mwenye shamba. Hifadhi za siku zetu mara nyingi zimepindua utaratibu huo: mwenye uwezo hubaki, akiwa mtalii au mwekezaji, na maskini na mnyama hugombanishwa kuhusu kilichosalia.

Majirani zetu Waislamu wanayo kumbukumbu ya namna hii hii. Khalifa Umar, alipomweka Hunai kuwa msimamizi wa hima, malisho yaliyotengwa kwa ajili ya umma, alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie Ibn Auf na Ibn Affan, waliokuwa matajiri na wakubwa wa dini. Zanzibar ilipata mradi wenye jina linalofanana, HIMA, kifupi cha Hifadhi ya Misitu ya Asili, uliogharimiwa na Norwe kati ya mwaka 2010 na 2014. Wanashehia waliingia mikataba ya kulinda misitu yao wakitarajia malipo ya hewa ya ukaa kutoka nchi za viwanda. Malipo hayo hayakuja. Watafiti Monique Borgerhoff Mulder, Tim Caro na mwenzao Ngwali, walioandika mwaka 2021 juu ya Pemba, waliona faraja kwamba kamati zilizoundwa zilikua hata pesa ilipokosekana. Faraja hiyo tunaikubali kwa shingo upande. Mwanamke aliyeacha kuchanja kuni kwa ahadi ya fedha, akaendelea kuziacha baada ya ahadi kuvunjika, ametenda jambo ambalo lugha ya mikataba haina jina lake. Lakini aliyemwahidi bado anadaiwa. Luther katika Katekisimo Kubwa, kwa amri ya tano, anamhesabu kuwa mwuaji yule aliyeona njaa ya mwenzake asimlishe. Amri hiyo haisimami mpakani mwa hifadhi.

Juu mlimani

Wasomaji wetu wengi hawatavuka kwenda Pemba. Wanatumika katika milima, Kilimanjaro, Upare, Usambara, na huko nako yapo ya kupimwa. Mwaka 1941 ulitengwa chini ya msitu wa Kilimanjaro ukanda ulioitwa Nusu Maili, ili wenyeji wapate kuni, nyasi na mbao bila kuingia msitu wa juu. Baraza la Wachaga likausimamia. Mwaka 2005 ukanda huo uliunganishwa na hifadhi ya taifa. Msitu ulihitaji ulinzi, hatubishi. Vijito vinavyokauka vinasema vyenyewe. Lakini katazo lililokuwa na sura ya mwamba wa pweza liligeuzwa likawa na sura ya sheria ya kasa, na walioona tofauti kwanza walikuwa akina mama wenye miundu ya kukatia majani ya ng'ombe, wengi wao washarika wetu. Neno la Kanisa juu ya jambo hili limekuwa dogo kuliko neno letu juu ya upandaji miti. Bidii ya Dayosisi ya Kaskazini, na ya Askofu Fredrick Shoo hasa, kuwataka hata wanafunzi wa kipaimara wapande miti, inastahili heshima. Ila mti uliopandwa una mwenyewe na una siku yake ya kukatwa. Msitu ulioachwa ni jambo jingine, na hauingii katika taarifa ya mwaka.

Limebaki suala moja tunalowaachia wanafunzi wa historia ya Kanisa. Misitu ya matambiko ya Upare na Usambara, mingi ikiwa midogo kuliko uwanja wa shule, ilipungua sana katika karne ya 20, na wakristo wa kwanza walikuwa na sehemu katika hilo, kwa kuwa kuuingia msitu na shoka ilikuwa namna ya kukiri imani. Bruno Gutmann, aliyetumika Kilimanjaro hadi mwaka 1938, aliuona ukoo, ujirani na rika kuwa vyombo ambavyo Injili haikuja kuvivunja. Hatujaona uchunguzi unaouliza kama alilitumia wazo hilo kwa msitu pia. Wakati huo huo makaburi ya zamani ya misheni zetu yana miti mikubwa kuliko yote katika vijiji vingi, na halmashauri za sharika huyaletea mipango ya vibanda vya biashara. Ingefaa mtu ahesabu ni mangapi, yana ukubwa gani, ndege gani wanalala humo, na hati za ardhi yake ziko kwa nani.